Tundu la Tezini na Mpira Unaoliziba

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 baina ya Kigongo, upande wa Misungwi, na Busisi, upande wa Sengerema, wasafiri wa Geita na Kagera waliokuwa wakipoteza saa nzima nzima foleni wakingojea zamu ya kivuko wameanza kuisahau adha ile, na ni haki yao kuisahau, kwa maana hakuna mwenye akili timamu anayetamani kurejea katika taabu iliyokwisha kuondoshwa. Walakini Ziwa Nyanza (Victoria) halikuondoka pamoja na foleni. Kome, Maisome, Ukerewe na Ukara vingali visiwa, sangara na dagaa wangali majini, na kila chombo chenye mashine kinachokatiza Ghuba ya Mwanza hubeba swali lile lile ambalo MV Misungwi, MV Sengerema na MV Mwanza vililijibu kila siku pale Kigongo bila abiria kuwa na habari nalo: nguvu iliyo ndani ya chombo itatokaje nje hadi kwenye rafadha, na maji yaliyo nje yatazuiwaje yasiingie ndani kwa njia iyo hiyo?

Nakusudia kuyapitia majibu ambayo wanadamu wamelipa swali hilo, tangu pamba ya kalafati hadi mpira wa mikunjo wa mtambo uitwao stendraivu, na juu ya huu wa mwisho nitakaa kwa wasaa zaidi, kwa sababu ni wachache wanaouelewa na wengi wanaouhukumu kwa kuutazama tu. Kauli yangu ni hii: kila chombo cha mashine kina mahali ambapo kitu laini kimepewa kazi ya kitu kigumu, na kitu laini hicho yapasa kibadilishwe kwa hukumu ya tarehe, wala si kwa hukumu ya macho.

Wahenga wa pwani waliifahamu kanuni hii kabla ya mpira kujulikana katika bandari zao. Fundi wa jahazi hakutegemea ubao kukutana na ubao. Alijua kwamba mbao mbili, hata zikirandwa kwa ustadi wa namna gani, huacha nafasi ambayo maji yataipata, basi alisokota pamba, akaishindilia katika nafasi hiyo kwa patasi butu na nyundo, akaipaka sifa, ambayo ni mafuta ya papa, kisha chini ya chombo akapaka deheni ya chokaa na shahamu. Kalafati hiyo haikuwa ya kudumu, wala hakuna aliyeitarajia idumu. Maji yalipokupwa na chombo kikakaa juu ya mchanga, ilikaguliwa, iliyooza ikang'olewa, mpya ikatiwa, na nahodha hakuona kwamba ametia hasara. Aliiona kazi hiyo kuwa sehemu ya safari, kama alivyoona ununuzi wa tanga na kamba.

Ziwani nako hali ilikuwa ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mitumbwi mirefu ya Sese, ambayo msafiri Henry Morton Stanley aliikuta ikitawala maji haya mwaka 1875, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, na kila tundu la mshono lilitaka kuzibwa. Stanley mwenyewe alikuja na mashua yake, Lady Alice, ikiwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi waliotoka Bagamoyo, akaiunganisha Kageyi kandokando ya Ghuba ya Speke, si mbali na Mwanza ya leo; na chombo cha vipande usalama wake umo katika kile kinachowekwa baina ya kipande na kipande. Leo mafundi wa mitumbwi wa Usukuma, nchi ya pamba, wangali wakishindilia pamba katika mishono ya mbao, na mvuvi yeyote wa pwani hizi anajua kwamba mtumbwi usiotiwa kalafati kwa wakati wake humfanya kijana mmoja asivue kabisa, akabaki na kata mkononi akikumba maji ya ngama usiku kucha.

Mashine ilipoingia chomboni ilileta tundu la tabia nyingine. Mshono wa mbao hukaa kimya mahali pake. Mhimili wa rafadha huzunguka mamia ya mara kwa dakika, na kitu kinachozunguka hakiwezi kushindiliwa pamba kikaachwa. Jibu la kwanza, ambalo lingali likitumika katika meli na mashua nyingi duniani, ni pakingi: pete za kamba iliyoshiba shahamu huzungushwa kwenye mhimili ndani ya kibweta cha chuma, kisha hubanwa kwa nati, na ajabu yake ni kwamba huruhusiwa kuvuja kidogo. Mhimili unapozunguka, tone moja moja la maji lapaswa kupenya ili kuipoza kamba isiungue. Fundi aikazaye hata tone lisitoke huunguza pakingi, akaukwaruza na mhimili. Mtambo wa namna hii una adabu moja nzuri mno, nayo ni kutoa habari mapema. Matone yakizidi, mwenye chombo huyaona, hukaza nati robo ya mzunguko, na akiona nati haina tena pa kukazika hujua kwamba kamba imekwisha.

Jibu la pili ni kutolitoboa jahazi kabisa. Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, ndiye aliyeifanya injini ya kupachika kuwa bidhaa ya watu wote kuanzia mwaka 1909, na ukisimama kwenye mwalo wowote wa ziwa hili asubuhi, mitumbwi ikirejea, utaona jinsi wavuvi wetu walivyolikubali jibu hilo kwa kauli moja. Mashine yote inaning'inia nje ya tezi. Hakuna tundu chini ya usawa wa maji. Si kwamba injini hiyo haina vitu laini. Karibu na rafadha yake zimo sili za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye gia, na nyuzi za nyavu zilizotupwa ovyo hujisokota kwenye mhimili, zikazikata sili hizo, oili ya gia ikageuka nyeupe kama maziwa. Lakini hapa pana tofauti ambayo nataka msomaji aishike kwa mkono wa kulia: sili ya injini ya kupachika ikifa, kinachopotea ni gia, mtumbwi hubaki ukielea na watu wake hupiga kasia au huvutwa na mwenzao hadi nchi kavu. Katika kupima mtambo wowote wa majini, swali la kwanza lisiwe utaharibika lini, kwa kuwa kila kitu huharibika; liwe ni kitu gani kitapotea utakapoharibika.

Kwa kipimo hicho ndipo tuutazame mtambo wa tatu. Mwaka 1959 kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi, kwa kulitumia wazo la mhandisi wa Marekani Jim Wynne, ilitoa mtambo iliouita Aquamatic, na baada ya muda mfupi Wamarekani wakatoa wa kwao, MerCruiser; tangu hapo dunia imejaa vyombo vya stendraivu. Umbile lake ni la busara. Injini, aghalabu iliyozaliwa na injini ya gari, hukaa ndani ya chombo penye ukavu, imeegemea ukuta wa tezi. Nje ya ukuta huo pana mguu wa aluminiamu wenye gia na rafadha, ambao hugeuka kushoto na kulia badala ya usukani, na huinuka juu chombo kinapokaribia kina kifupi. Kwa ziwa lenye miamba kama ile iliyozunguka Mwanza, na mialo yenye tope na magugumaji, mguu unaoinuka ni neema. Na kwa boti ya doria au ya kubeba wagonjwa inayotaka nguvu ya dizeli pamoja na mwendo wa kasi, ni vigumu kupata mtambo ulio bora kuushinda.

Lakini ili injini iliyo ndani iukamate mguu ulio nje, ukuta wa tezi hukatwa tundu kubwa, na sehemu ya tundu hilo imo chini ya usawa wa maji. Mhimili unaopita humo hauwezi kuzibwa kwa pakingi, kwa kuwa mbali na kuzunguka, unapinda kila mguu unapogeuka na kila unapoinuliwa. Ndiyo maana umepewa viungo vya msalaba, vile ambavyo mafundi wa magari huviita krosi. Kitu pekee kinachoweza kuufunika mhimili unaozunguka na kupinda, kisizuie mwendo wala kisiruhusu maji, ni bomba la mpira lenye mikunjo kama ya kinanda cha kodiani. Unene wake ni wa milimita chache. Upande mmoja lina ziwa zima. Upande wa pili lina beringi, krosi, na njia ya wazi ya kuingia chomboni.

Mipira hiyo kwa kawaida ni mitatu, nayo haina daraja moja ya hatari, jambo ambalo wenye vyombo hulichanganya. Wa kwanza na mkubwa kwa heshima ni huo wa mhimili. Wa pili ni wa moshi: hupitisha moshi wa injini kutoka ukutani kwenda mguuni ili utokee majini penye rafadha. Ukipasuka, chombo huongeza kelele na harufu, lakini kwa kawaida hakizami kwa sababu yake; taksiri yake ni kwamba moshi wa moto hutoka hapo ukaupiga mpira wa mhimili ulio jirani yake, ukaukausha upesi kabla ya siku zake. Wa tatu ni mdogo, nao hufunika waya wa gia unaotoka ndani kwenda mguuni. Huo ndio unaosahauliwa na kila mtu. Kwa udogo wake hudhaniwa hauna madhara, ilhali umo chini ya maji kama wenzake, na ukichanika maji hufuata njia ya waya hadi ndani, pole pole, usiku na mchana; na kabla chombo hakijazidiwa, waya hushika kutu, gia ikawa ngumu, na nahodha huiadhibu gia kwa kuivuta kwa nguvu badala ya kuuliza ugumu huo umetoka wapi.

Mpira wa mhimili nao ukianza kufa una dalili zake. Maji yakishaingia, beringi iliyo ukutani hupoteza grisi na kushika kutu, na mguu unapogeuzwa kona kali husikika mngurumo ambao haukuwako jana. Pampu ya ngama huanza kufanya kazi mara kwa mara bila mvua wala mawimbi. Hapa ndipo mahali pa hatari kuliko pote, kwa maana pampu yenye kujiwasha yenyewe ni mtumishi mwaminifu anayemficha bwana wake habari mbaya: huyatoa maji usiku, asubuhi mwenye chombo hukuta pakavu akaridhika, na hali hiyo huendelea hadi usiku ambao betri itakwisha. Chombo cha stendraivu kina hatari kubwa zaidi kikiwa kimefungwa gatini bila mtu kuliko kikiwa safarini na watu macho.

Swali la kwa nini mpira hufa lina majibu mengi yanayofanya kazi pamoja. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kutiwa moto huacha unato wake na kuwa imara, na viwanda vya karne ya 20 vikatengeneza mipira isiyotokana na utomvu wa mti, inayostahimili mafuta na jua kuliko ule wa asili. Lakini hata ulio bora kabisa huliwa na ozoni iliyomo hewani, hukaushwa na jua, hulainishwa vibaya na petroli na oili, na huchoshwa na kupinda. Ozoni hushambulia zaidi mahali mpira ulipovutwa, ndiyo maana nyufa za kwanza huzaliwa katika mabonde ya mikunjo, ambako jicho halifiki mpaka mkunjo ufunguliwe kwa vidole na kumulikwa kwa tochi. Kwa sababu hiyo tena, chombo kinachopumzishwa yafaa mguu wake uachwe chini, mikunjo ikae katika umbo lake. Na hapa kwetu desturi ya wengi ni kinyume, mguu huinuliwa juu kabisa kwa miezi mpira ukiwa umevutwa upande mmoja na kubanwa upande wa pili, katika jua la digrii mbili na nusu kusini ya Ikweta.

Kwamba macho ni kadhi asiyetosha katika kesi ya mpira, dunia nzima ilifundishwa tarehe 28 Januari 1986, Challenger, chombo cha anga cha Marekani, kilipoangamia sekunde 73 baada ya kuruka na watu 7 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulithibitisha kwamba kilichoshindwa ni mpira wa duara uliokuwa ukiziba kiungo cha roketi ya pembeni: ulikuwa mzima, haukukatika wala haukusahauliwa, lakini baridi ya usiku uliotangulia iliufanya mgumu, nao ukashindwa kurudia umbo lake kwa wepesi uliotakiwa. Wahandisi waliujua udhaifu huo, wakaonya, na onyo lao likashindwa mbele ya haraka ya ratiba. Mpira unaweza kuwa mzima kwa macho huku umekwisha kazi.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha suala hili kwa ziwa letu, na ambalo sijaona likitiliwa mkazo unaostahili. Vitabu vya maelekezo vya mitambo hii viliandikwa katika nchi zenye majira ya baridi kali. Huko, kila mwaka, maziwa huganda au hukaribia kuganda, na mwenye chombo apende asipende hukitoa majini kwa miezi. Fundi hukaa chini yake akiwa na nafasi na mwanga, mipira hutazamwa, na iliyofikisha miaka hubadilishwa kabla ya kiangazi. Maumbile yenyewe huwalazimisha. Mazoea yaliyoenea miongoni mwa mafundi wa huko, ya kukagua kila mwaka na kubadilisha mpira wa mhimili kila baada ya miaka 2 au 3, yamejengwa juu ya lazima hiyo. Sisi hatuna baridi ya kututoa majini. Chombo cha Mwanza chaweza kufanya kazi Januari hadi Desemba, na mwaka wa pili, na wa tatu, bila siku moja ambayo mbingu itamwambia mwenyewe kwamba leo kitoe.

Pwani ya bahari nayo ina kalenda yake isiyohitaji karatasi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua hutoka mbali mno, kiasi kwamba nahodha wa Unguja, Tanga au Lamu hupata chelezo bila malipo: hukiegemeza chombo juu ya magogo, akafanya kazi yake mpaka maji yarudi. Ziwa Nyanza halina maji kujaa na kupwa kunakoonekana. Hupanda na kushuka kwa mvua za miaka, kama lilivyofura mwaka 2020 na tena mwaka 2024 likafunika nyumba na mashamba ya kando yake, lakini halimpi mtu saa sita za ukavu. Kwa hiyo hapa kukagua mpira ulio chini ya usawa wa maji ni tendo la makusudi na la gharama. Ama chombo kivutwe kwa toroli nchi kavu, ama kipelekwe kwenye chelezo. Bandari ya Mwanza Kusini ina chelezo kikubwa cha meli, na jijini pana karakana ya Songoro Marine ambayo ilikijenga kivuko MV Mwanza cha Kigongo, basi si kweli kwamba mkoa huu umekosa mikono na mahali. Kilichokosekana ni mazoea ya kukitoa chombo kidogo majini kikiwa kingali kizima.

Lakini ziwa limetupa kalenda nyingine, nayo ni mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea taa zao hupoteza nguvu, hivyo kila mwezi mitumbwi hukaa mwaloni siku kadhaa, nyavu zikashonwa na mbao zikatazamwa. Kila mtu wa ziwani anaijua ratiba hiyo bila kuandikiwa. Sioni sababu kwa nini boti za stendraivu, hata zile ambazo hazina uhusiano na dagaa, zisifuate mwandamo huo: kila mbalamwezi kuitazama ngama pampu ikiwa imezimwa, kuugeuza mguu pande zote mbili na kuusikiliza, kuifungua mikunjo kwa vidole pale inapofikika, na mbalamwezi moja iliyochaguliwa katika mwaka, kukitoa chombo majini na kuushusha mguu wote.

Kazi yenyewe ya kubadilisha si ya miujiza, lakini haivumilii haraka. Mguu ni mzito, unataka watu wawili na kiti cha kuushikilia; gia huwekwa mahali mtengenezaji alipoagiza, nati zake hufunguliwa, nao ukavutwa nyuma kwa unyoofu ili mhimili usilemee beringi. Mpira wa zamani hukatwa na kutolewa, na hapo ndipo kazi halisi huanza, nayo ni usafi. Midomo ya aluminiamu ambayo mpira hukaa juu yake huwa na gundi iliyokauka na unga mweupe wa kuliwa, na mpira mpya ukivishwa juu ya uchafu huo utavuja hata ukiwa wa bei kuliko yote sokoni. Husuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, hufutwa kwa kiyeyusho mpaka kitambaa kitoke safi, kisha hukaushwa. Pale mtengenezaji anapoagiza gundi, hutumika gundi ile ile aliyoitaja, ikapakwa kidogo na kuachwa dakika kadhaa hadi ishike kidole bila kukichafua. Ndipo mpira huvishwa, mtaro wake ukakaa sawasawa juu ya ukingo uliokusudiwa.

Mambo mawili huharibu kazi hii kuliko mengine yote, nayo hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni grisi. Fundi aliyezoea magari huona mpira mgumu kuingia, akapaka grisi ili uteleze, nao ukaingia kwa raha. Lakini ulivyoteleza kuingia ndivyo utakavyoteleza kutoka, siku mguu utakapogeuzwa kona kali chombo kikiwa katika mwendo. La pili ni silikoni ya madukani, ile ya kuzibia madirisha na vyoo, ambayo wengi huiamini kupita kiasi. Haikutengenezwa kwa kazi hii. Ikiwa mbichi hulainisha badala ya kushika, na ikishakauka huacha utando ambao gundi sahihi haitaushika mara ya pili. Klipu za chuma kisichoshika kutu nazo zina kipimo chake, na kipimo hicho ni kidogo: zikikazwa kwa hasira hukata mpira ambao zimewekwa kuulinda. Kichwa cha skrubu kielekezwe mahali ambapo bisibisi itafika mguu ukisharudishwa, la sivyo atakayetaka kuikaza baadaye atalazimika kuushusha mguu upya.

Maadamu mguu umeshuka, ni uzembe kuacha kuitazama beringi iliyo ukutani, krosi, na oringi za mdomo wa mguu, kwa kuwa bei ya vitu hivyo ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kurudi pale. Na ni uzembe mkubwa zaidi kutopima kama injini na mguu vimekaa katika mstari mmoja, kwa maana injini iliyopinda huila beringi mpya kwa muda mfupi. Vile vipande vya madini vinavyotolewa kafara ili mguu usiliwe navyo vitazamwe: zinki ifaayo baharini ni mzembe katika maji baridi, na ziwani hutakiwa magnesi. Kisha chombo kirudishwe majini na kisiachwe. Kikae saa kadhaa pampu ikiwa imezimwa, mguu ugeuzwe mpaka mwisho kulia na kushoto, uinuliwe na kushushwa, na mtu awe ndani na tochi yake akiutazama ukuta wa tezi kwa upande wa ndani. Ngama iliyo kavu baada ya hapo ni ushahidi. Ngama kavu kabla ya hapo ilikuwa matumaini.

Husemwa na wenye vyombo, na mafundi wameyasikia maneno haya mara nyingi: "Fundi, huu bado mzima, tuuache mpaka mwakani." Si maneno ya mtu mbaya. Mpira halisi haupatikani kila duka la Mwanza, aghalabu huagizwa Dar es Salaam au ng'ambo, na siku ambazo chombo kimekaa nchi kavu ni siku zisizo na mapato. Lakini hoja hiyo ina kosa katika hesabu yake, kwa kuwa hulinganisha bei ya mpira mpya na bei ya mpira wa zamani ambao bado upo, na hapo mpya daima utaonekana ghali. Hesabu ya insafu ni kulinganisha bei ya mpira na bei ya kitu kitakachopotea mpira utakapokoma, nacho ni injini iliyozama, chombo kilichokaa chini ya maji, na ikiwa ni safarini, watu. Dawa ya uhaba ni kuagiza mapema kwa kuwa tarehe inajulikana, ingawa si kuagiza mingi na kuilimbika, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hasa katika ghala la mabati lenye joto.

Insafu inanitaka niseme pia kwamba misiba mikubwa ya ziwa hili haikutokana na mipira hii. MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, zote zilikuwa zimebeba kupita kiasi, nazo zilipinduka, hazikuvuja. Sitaki mtu achukue mpira na kuufanya kisingizio cha kusahau idadi ya abiria. Naitaja misiba hiyo kwa sababu nyingine. Ilionyesha jinsi msaada ulivyo mbali na chombo kilicho majini hata kikiwa kinaonekana kwa macho kutoka nchi kavu, na jinsi mambo yanayoamua uhai yanavyokuwa yamekwisha kuamuliwa gatini kabla kamba haijafunguliwa. Tarehe ya mpira ni mojawapo ya mambo hayo.

Basi hukumu yangu juu ya mitambo hii mitatu kwa maji yetu ni kama ifuatavyo. Kwa mvuvi na kwa mchukuzi mdogo asiye na toroli wala karakana ya karibu, injini ya kupachika ndiyo yenye akili zaidi, si kwa urahisi wa bei yake tu, ila kwa kuwa kuharibika kwake hakuzamishi. Wavuvi wa ziwa hili walilijua hilo bila kufundishwa, nao walihukumu sawa. Kwa chombo kizito chenye mwendo wa pole, mhimili wa pakingi unaotoa tone lake hadharani ungali mwaminifu. Stendraivu ni mtambo wa fahari na wa manufaa, lakini unamstahili mwenye uwezo wa kukitoa chombo majini kila mwaka. Asiye na uwezo huo ameununua kabla ya wakati wake. Ni kosa hasa kwa taasisi ya umma au mradi wa msaada kukabidhi boti ya namna hii kwa kisiwa, pamoja na sherehe na picha, bila kukabidhi pia toroli, mipira ya akiba na fundi aliyefundwa.

Nawaomba wenye vyombo, na nawaomba maofisa wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wanaovikagua, waifanye tarehe ya mpira kuwa jambo linaloulizwa kama idadi ya maboya ya kuokolea inavyoulizwa. Iandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye ukuta wa tezi kwa upande wa ndani: mwezi na mwaka mipira yote mitatu ilipobadilishwa, na mwezi na mwaka itakapobadilishwa tena. Chombo kisicho na maandishi hayo kihesabiwe kuwa muda wake umepita.